Ukoko Mweupe Ndani ya Injini

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kasiva aliamshwa na baba yake akigonga ubavu wa kitanda mara mbili kwa kidole. "Mama, maji," baba alisema. Alimwita Mama kwa sababu Kasiva alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Mulwa. Kasiva aliinuka, akachukua jerikani la lita kumi, akatoka nje huku akipiga miayo.

Maji hayo hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya lori. Mulwa, baba yake, aliendesha lori la bluu lililobeba marobota ya mitumba kutoka Gikomba hadi soko la Limuru. Lori lilikuwa la Mzee Jackton, jirani yao hapo mtaa wa Jericho, Nairobi. Rejeta, lile tangi bapa la mbele ambalo hupoza maji ya injini, ilivuja kidogo kidogo. Mulwa alikuwa amemwambia Mzee Jackton habari hiyo mara tatu, na mara tatu alijibiwa kwamba aongeze maji tu, rejeta ingeshughulikiwa baadaye.

Kuhusu maji, Mulwa alikuwa na sharti moja. Yatoke kwenye bomba la kaunti karibu na soko la Jericho, ambalo wakazi wa hapo wangali wanaliita la kanjo, yaani la baraza la jiji la zamani. Hayo yalikuwa maji matamu. Taabu ni kwamba foleni ya hapo ilikuwa ndefu, na wanawake wenye mapipa hawakumpisha mtoto. Nyuma ya ghala kuukuu kulikuwa na bomba jingine la maji ya kisima. Hilo halikuwa na foleni, kwani maji yake yalikuwa na chumvi. Siku moja Kasiva alichelewa kuamka, akachota huko. Baba hakugundua; alimwambia asante, naye Kasiva akatazama chini. Kesho yake alichota huko tena, kisha akapata kurudi kitandani kwa nusu saa. Miezi minane ikapita hivyo.

Rafiki yake Aluoch, ambaye kwao walitumia maji hayo kwa kila kitu, alimkuta huko mara nyingi. "Niaje Kasiva," alimtania asubuhi moja. "Maji ya kanjo imekushinda? Babako akijua, utaosha hiyo lori na ulimi."

"Lori halina ulimi," Kasiva alijibu. "Haliwezi kuonja."

Alhamisi moja, lori likiwa na shehena kamili, lilitoa moshi mweupe kwenye mlima wa Limuru na kuzimika. Lilivutwa hadi gereji ya Fundi Roseline, pale Jericho. Ijumaa jioni Mzee Jackton alifika nyumbani kwao. Hakuketi. Alimwambia Mulwa kwamba hakuna injini inayoungua ghafla. Kwa madai yake, ule mshale wa joto ulio mbele ya dereva ulipanda hadi kwenye rangi nyekundu, naye akaendelea kukanyaga mafuta. Mulwa alieleza kwa upole kwamba mshale ulikaa katikati mpaka moshi ulipotokea. Mzee Jackton alitikisa kichwa. Injini ingefunguliwa Jumamosi, na kama ingeonekana imeungua, Mulwa angemkabidhi ufunguo wa lori siku hiyo hiyo.

Usiku huo Mulwa hakula. Alikuwa ameendesha lori hilo miaka kumi na moja.

Jumamosi asubuhi Kasiva aliandamana na baba yake hadi gereji, ambako Mzee Jackton alikuwa amekwisha kufika. Fundi Roseline alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, aliyesomea injini za dizeli chuoni. Hakupenda kubahatisha. Alikuwa ametandika turubai safi chini na kupanga pistoni sita kwa mstari, kila moja na namba yake ya chaki. Kando yake aliweka kichwa cha injini, kile chuma kizito kinachofunika pistoni. Mafundi wengine, alisema, hutupa vyuma vyote ndani ya beseni moja, kisha wanashangaa kwa nini havisemi chochote.

Aliwaita wasogee. Kama dereva angeendesha lori bila maji, alieleza, pistoni zote sita zingekwaruzwa. Hizi nne za mbele zilikuwa nzima. Ni ya tano na ya sita tu zilizokuwa na mikwaruzo mirefu, na hapo kati yazo ndipo gasketi, ule utando unaoziba kati ya kichwa na injini, ilipoungua. Tena pampu ya maji iko mbele, kwa hiyo silinda mbili za nyuma, yaani matundu ya pistoni hizo, ndizo za mwisho kupata maji. Akachukua bisibisi, akakwangua ndani ya njia ya maji ya silinda ya sita. Kipande cheupe kikadondoka kwenye kiganja chake. Kilikuwa kigumu kama ganda la yai.

"Huu ndio uliofanya kazi hii," alisema. "Ukoko. Umeziba njia, na pale ambapo haujaziba, umekaa kati ya chuma na maji. Chuma kinaungua, lakini moto wake haufikii maji. Na ule mshale, Mzee, hupima joto la maji. Haupimi joto la chuma. Huenda Mulwa aliutazama safari nzima asione kitu."

Moyo wa Kasiva uliruka kwa furaha. Kisha fundi akauliza swali lililofuata, naye Kasiva akarudi nyuma hatua moja. Ukoko wa namna hiyo hutokana na maji ya chumvi yenye chokaa. Lori lilitiwa maji gani?

Mulwa alijibu bila kusita kwamba lilitiwa ya bomba la kaunti, kila siku. Fundi Roseline alikunja uso. Maji ya kaunti hayangeweza kufanya hivyo. Mzee Jackton akacheka kidogo kwa pua.

"Basi hapa kuna mtu mwongo," alisema, "na si chuma. Mulwa, lete ufunguo."

Mulwa aliingiza mkono mfukoni. Hakuna aliyemwangalia Kasiva. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Alitazama kile kipande cheupe, akakumbuka birika la chai la kina Aluoch, lililokuwa na ganda kama hilo chini.

"Mwongo ni mimi," alisema.

Alieleza yote: foleni, usingizi, bomba la nyuma ya ghala, miezi minane. Alipomaliza, baba yake alimgeukia. Mulwa hakumfokea.

"Kila asubuhi nilikuambia asante," alisema polepole. Kwa Kasiva, maneno hayo yalikuwa mazito kuliko kiboko.

Lakini Mzee Jackton hakuridhika. Alisema mtoto yeyote angejitwika kosa ili kumwokoa baba yake. Kasiva alifuta machozi kwa kiwiko. Akaomba sufuria mbili, jiko na ndimu.

Fundi Roseline alimtazama kwa makini, kisha akamwonyesha jiko lake la kuchemshia chai. Kasiva alikimbia hadi kwenye mabomba yote mawili. Alirudi na chupa mbili, moja ya maji ya kaunti na nyingine ya kisima. Alimimina vikombe viwili katika kila sufuria, akaziinjika moja baada ya nyingine na kuyaacha maji yachemke hadi yakauke. Sufuria ya kwanza ilibaki safi, ila doa dogo. Ya pili ilitandwa na utando mweupe kama chokaa. Kasiva akakata ndimu, akaikamua juu ya utando huo. Ukatoa povu. Halafu akakamua matone machache juu ya kipande kilichotoka kwenye injini. Nacho kikatoa povu, kikichemka na kuvuma kwa sauti ndogo.

"Mwalimu alikamulia chaki ndimu, nayo ikatoa povu vivi hivi," alisema. "Ni kitu kimoja, Mzee."

Mzee Jackton aliinama, akatazama povu hadi likaisha. Aliponyooka, alivua kofia yake. Alimwambia Mulwa kwamba alimhukumu bila kumsikiliza. Kisha akakubali, mbele ya wote, kwamba kama rejeta ingetengenezwa alipoambiwa mara ya kwanza, hakuna ambaye angehitaji kuongeza maji kila siku. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Mulwa.

Kazi ilichukua siku kumi. Kila alasiri baada ya masomo, Kasiva alikwenda gereji kukwangua ukoko kwa brashi ya waya hadi vidole vikamuuma. Hakuna aliyemwagiza. Rejeta ilizibwa palipovuja, pistoni mbili zikabadilishwa, na injini ikatiwa maji ya kijani ya kupozea, yale yasiyoacha ukoko. Aluoch alipita, akachungulia, akasema, "Kumbe lori iko na ulimi." Kasiva alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Siku ya majaribio, lori lilipakiwa marobota hadi juu. Kasiva aliketi katikati ya baba yake na Fundi Roseline. Mlima wa Limuru ulipoanza, Mulwa alishusha gia. Macho ya wote watatu yalikuwa kwenye mshale. Injini ilinguruma, nzito na tulivu. Walipita mahali pale lori lilipozimika. Mshale haukutikisika. Walipofika kileleni, Mulwa alipiga honi ndefu hadi wauza viazi wa kando ya barabara wakawapungia mikono.

Fundi Roseline alimgeukia Kasiva. "Vyuma vilinionyesha mahali palipoumia," alisema, "na vilinionyesha sababu. Lakini havikuweza kuniambia nani alichota maji. Bila wewe, baba yako angekuwa ameketi nyumbani leo, na mimi ningekuwa nimetengeneza injini ili iungue tena. Ulikosea kwa miezi minane, Kasiva, halafu ukasema kweli wakati ambapo kunyamaza kulikuwa rahisi. Kosa likifichwa huendelea kuharibu. Likisemwa, mtu anaweza kulitengeneza. Kumbuka hivyo katika kazi yoyote utakayofanya."

"Nitakumbuka, Fundi," alisema Kasiva.

Mulwa alibadilisha gia na kuliacha lori lishuke taratibu kuelekea sokoni. Kisha, bila kuondoa macho barabarani, alisema, "Asante, Mama." Safari hii Kasiva alimwangalia usoni.