Aliyeupaka Pinki Msiba Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Githongo. Kazi yangu ni kuchora Mlima Kenya kwa ajili ya hoteli na maduka. Kwetu, upande wa mashariki, mlima huchorwa asubuhi, jua likiupiga usoni: theluji ya pinki, anga ya manjano. Picha hiyo ndiyo inayouzika, hata ungekuwa umeichoka kama mimi!

Kaka yangu Mwenda alikuwa akiwabebea mizigo wapanda mlima. Siku moja alipanda... hakurudi. Waliomtafuta waliteremka jioni mikono mitupu. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima, nao umebaki mweusi tititi. Ndugu msomaji, utamzikaje mtu bila mwili?

Nikachora jioni ile. Rangi nyeusi haikunitosha, nikachukua lami, ile tunayopaka chini ya nyumba za mbao kuzuia mchwa. Sikuweka theluji wala nyota. Niliitundika picha hiyo sebuleni, na waliokuja kunipa pole wakawa wanaomba mbele yake. Kaburi la Mwenda lilikuwa pale!

Kumbe Murithi, mume wangu, alikuwa na yake. Nilikwenda kumuuguza mama, niliporudi nikakuta msumari mtupu. Alikuwa ameipaka pinki na manjano, akaiuza kwa hoteli moja kule Kinoru!

“Mama Kinya, hiyo picha ilikuwa inatuletea giza kwa nyumba,” aliniambia bila haya. “Nani atakula chapati akiangalia matanga?”

Nilikimbia Kinoru nikilia. Nikaikuta ukutani, watu wanakunywa chai chini yake na kucheka. Nilimsihi mwenye hoteli anirudishie, akakataa. Eti inamvutia wateja!

Lakini lami haifunikwi na rangi. Joto la jikoni lilipoipiga siku baada ya siku, doa la kahawia likatokea kwenye theluji, kisha jingine... Mlima ukawa kama uso unaooza. Wateja wakanong’ona kwamba ina pepo. Nilipopata habari nikarudi mbio, nikakuta mwenye hoteli ameshaitia kwenye jiko la maandazi. Nilisimama pale nikavuta moshi wake mpaka ukaisha.

Murithi ameniomba msamaha, ameninunulia rangi na lami. Nimechora tena na tena, lakini jioni ile imenikataa. Usiku naota Mwenda ananiuliza amelazwa wapi...

Wenzangu, nawasihi! Mkiona mtu ametundika msiba wake ukutani, msiupambe. Muulizeni kwanza. Mimi leo sina pa kumlilia kaka yangu.