Mkopo wa Pampu za Jua

Asubuhi lifti ya Benki Kuu hujaa watu bega kwa bega, na humo ndimo walimokutana wawili ambao hawakuwa wamesemeshana tangu ile sherehe. Mwanamke alivaa suti ya kijani iliyomkaa sawasawa. Wenzake walimwita Mama Mvua, kwa kuwa ndiye aliyezilazimisha benki zote kupima mafuriko na ukame kabla ya kukopesha. Mwanamume alikuwa meneja wa benki ya biashara, ananukia marashi yale yale.

"Umenawiri," akamnong'oneza.

"Na wewe umezeeka. Pole."

Mama Mvua hakuwa amesahau. Walikuwa wameshapanga posa, lakini kwenye sherehe ya kazini, bosi wa meneja, aliyekuwa akimtafutia mpwa wake mume, alipouliza yule dada ni nani, meneja akajibu ni mtu anayemfahamu tu. Leo amekuja kuomba fedha za riba nafuu awakopeshe wakulima pampu za jua, na kura ya Mama Mvua, mjumbe wa kamati ya mikopo, peke yake ingetosha kumzamisha. Mkono ulikuwa unamwasha mwanamke huyo kuipiga.

Kikao kilipoanza, mwenyekiti akauliza kama yupo mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji, maana wa hivyo hutoka nje, hapigi kura.

Mama Mvua akaegemea kiti. "Muulizeni yeye. Mimi ni nani kwake?"

Meneja akapiga hesabu. Akimkana tena, mwanamke anabaki kikaoni na kumchinja kwa kura. Akikiri, anaumbuka mbele ya bosi wake, aliyekaa ubavuni pake.

"Alikuwa mchumba wangu," akasema. "Nilimkana mbele ya bosi wangu huyu hapa, kwa woga. Bado nampenda."

Bosi akakohoa. Mama Mvua akainuka polepole, apate kumtazama vizuri anavyofedheheka, kisha akatoka. Huko nje aliwasimulia mashoga zake wa ofisini, wakacheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

Adhuhuri simu ikaita. Mkopo umepita. Meneja akabembeleza: wanywe chai leo, kesho alete wazee wake.

"Mpenzi, kanuni haziniruhusu hata chai na mtu anayedaiwa na Benki Kuu."

"Lakini mkopo ni wa miaka mitano."

"Najua. Pampu hazilipi haraka."

"Utanisubiri kweli?"

"Mimi nilikaa na simu mkononi usiku mzima wa ile sherehe, nikingoja unipigie. Sasa subiri wewe."

Akakata, akaibana simu kifuani.