Mpaka wa Themanini

Nobu ilikuwa kwenye tisini.

Fundi aliinama nyuma ya sabufa, ile spika ya sauti za chini, akasogeza tochi ya simu karibu na kile kitufe cha kuzungusha, akatazama tena. Jana yake, kabla ya kufunga studio, alikuwa ameiweka themanini kwa mkono wake mwenyewe na kubandika kipande cha utepe mweupe pembeni, kama mtu anayeweka alama kwenye chupa ya maziwa ili ajue nani anakunywa. Utepe ulikuwa palepale. Nobu ndiyo iliyosogea.

"Huyu mtoto wa mama yangu," alisema peke yake, "ipo siku nitamfunga mikono."

Studio hiyo ilikuwa gereji ya marehemu baba yao. Fundi, mama wa makamo mwenye masikio yaliyosifiwa na kila aliyewahi kuimba mjini humo, ndiye aliyerekodi na kuchanganya nyimbo. Mdogo wake wa kiume alitafuta wateja, na watu walimwita Bosi kwa sababu ya miwani yake na jinsi alivyopenda kupokea simu mbele za watu. Miaka tisa walifanya kazi pamoja, na kwa miaka yote tisa Bosi alikuwa akigusa asivyovijua. Sabufa yenyewe aliileta yeye wiki mbili nyuma, boksi jeusi la kimo cha meza lenye tundu la duara mbele. Alisema imetoka dukani, mpya kabisa.

Alipoingia saa tatu asubuhi, dada yake hakumpa hata nafasi ya kuweka funguo mezani.

"Nikueleze mara ngapi? Hizi spika mbili za mezani ni ndogo, haziwezi kushuka chini sana. Ndiyo maana tunaweka mpaka. Kila sauti iliyo chini ya mitetemo themanini kwa sekunde inakwenda kwenye sabufa, ngoma kubwa na gita la besi. Iliyo juu inabaki kwa spika. Ukipandisha mpaka, sabufa inakula sehemu ya wenzake, na mimi natoa nyimbo mbovu!"

"Dada, sijaigusa."

"Basi imejigusa yenyewe?"

"Sijui! Kila kitu kikiharibika humu ndani ni mimi!"

Walirushiana maneno mpaka jirani akagonga ukuta. Fundi akarudisha nobu themanini, akabandika utepe mwingine juu yake, safari hii ukiishika kabisa. Alipoinuka alisikia harufu ya chuma kilicholowa, kama funguo zilizokaa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Siku hiyo alikuja Ngurumo. Huyu alikuwa mwimbaji wa sauti nzito, bonge la mtu mpole, ambaye akikohoa vikombe vinagongana kabatini. Aliimba vizuri, akamaliza kabla ya mchana, akaketi kwenye kochi la pembeni asikilize kazi yake. Fundi akabonyeza. Kabla ya neno la kwanza la wimbo, sabufa ikavuta pumzi.

"Hiyo ni mimi?" Ngurumo aliuliza.

"Utakuwa ulivuta hewa karibu na maiki," alisema Fundi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amefuta sauti zote za pumzi kwenye rekodi kabla ya kubonyeza. Alijua hivyo, na alikasirika kwa sababu alijua.

Kesho yake utepe ulikuwa umechanika katikati, na nobu imefika mia na kumi.

Saa nne mlango ulisukumwa bila hodi. Aliingia mke wa Ngurumo, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu, akimvuta mumewe kwa mkono wa shati.

"Sema," alimwamuru. "Mwambie asikie."

Ngurumo akafungua mdomo. "Shikamoo, Fundi."

Ilikuwa sauti ya simu mbovu. Maneno yalikuwepo ila chini yake hakukuwa na kitu, kama nyumba iliyoondolewa sakafu. Kifua chake kipana kilipanda na kushuka bure.

"Ametoka hapa kwenu mzima!" mke alifoka. "Watoto wanamkimbia nyumbani. Mdogo anauliza baba yuko wapi, naye baba kasimama mbele yake! Mmemfanya nini mume wangu?"

"Mama, hata mimi—"

"Usiniite mama! Mrudishie sauti yake, nyinyi wachawi wa nyaya!"

Bosi alijitokeza na miwani yake akaanza kusema habari za mafua na mabadiliko ya hewa. Mwanamke alimtazama kwa dharau, akamshika mumewe, wakaondoka.

Fundi hakusubiri. Alizima sabufa, akachomoa waya wa umeme, akachomoa na waya wa sauti, akaziweka zote mbili juu ya meza. Kisha akageuza nobu mpaka themanini na kuishika kwa vidole.

Nobu ikaanza kurudi. Haikuwa na nguvu nyingi. Ilisukuma polepole na bila haraka, kama mtoto anayejua kwamba mama atachoka kwanza, na Fundi akaiminya mpaka kucha zikawa nyeupe, akiona mia ikipita, mia na ishirini, mia na arobaini, huku boksi lisilo na waya hata mmoja likimtetemesha meno.

"Bosi," alinong'ona. "Hiki kitu umekitoa wapi?"

"Si nilikwambia, duka—"

Hapo sauti ilimkatika. Neno "duka" lilianza na sauti ya mwanamume na kuishia na mlio mwembamba wa nzi. Bosi alishika koo. Akajaribu tena, na tena ulitoka ule mlio, na machozi yakamtiririka chini ya miwani.

"Sema ukweli," Fundi alisema kwa meno yaliyobana, "au nikuache hivyo hivyo."

Akasema, kwa ile sauti ya nzi. Haikutoka duka lolote. Aliichukua kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa zamani, chini ya jukwaa, vibarua walipokuwa wakitoa viti. Mlinzi wa pale alimzuia kwa ishara za mikono, akitikisa kichwa, akijipiga koo. Bosi alidhani ni bubu wa kuzaliwa. Alimcheka.

"Ulimcheka," Fundi alirudia. Alitamani kumzaba kofi.

Ndipo boksi likasema. Lilisema kwa kifua cha Ngurumo, kile kizuri ambacho Fundi alikirekodi mwenyewe, na neno lilikuwa moja.

"Pandisha."

Fundi alielewa kila kitu kwa wakati mmoja, na kuelewa kulimtia baridi kuliko kutoelewa. Chini ya themanini hakuna sauti ya binadamu, ni ngoma na besi tu. Lakini pandisha mpaka hadi mia na kumi, utakuwa umegusa vifua vya wanaume wenye sauti nzito. Pandisha mia na arobaini, umewafikia akina Bosi. Wanawake wako juu kidogo, watoto juu zaidi. Alitazama nobu. Ilikuwa imemponyoka vidoleni na kupita mia na sitini, namba ya mwisho iliyoandikwa, na bado ilikuwa inakwenda.

Mlangoni alisimama mwanamke amebeba mito minne minene mgongoni kwa kamba.

Huyu alikuwa Mama Magodoro, mshona magodoro wa mtaa wa pili. Fundi alikuwa amemwagiza mito ya kuweka kwenye pembe za chumba, maana besi hupenda kujikusanya pembeni na pamba nene huinyonya. Homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka thelathini, kwa hiyo aliongea vizuri tu, ila kwa sauti iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka. Aliweka mito chini na kuvua viatu. Hatua ya pili ndani ya chumba, akaganda.

"Nani huyo anaongea?" aliuliza.

Fundi alimkodolea macho. Akasogea mbele yake ili midomo yake ionekane vizuri. "Mama, unamsikia?"

"Sisikii kitu, mwanangu. Ananipanda miguuni." Aliangalia boksi, akamwangalia Bosi aliyejikunyata kwenye kochi. "Mama yangu alikuwa akiwatoa watu vitu kama hivi. Mimi niliikataa kazi ile. Amekaa wapi?"

"Mle kwenye boksi."

"Boksi ni mdomo tu. Yeye mwenyewe amekaa wapi?"

Swali hilo Fundi alilijua, tena alilijua kwa kazi yake. Sauti ya chini haionyeshi inakotoka; inajaza chumba chote na kujificha. Fundi yeyote anayetafuta mahali pa kuweka sabufa huiweka juu ya kiti chake mwenyewe, kisha hutambaa chumba kizima mpaka apate mahali besi inaposimama imara. Akamweleza kwa maneno machache. Mama Magodoro akaitikia kwa kichwa, wakalibeba lile boksi wote wawili, lilikuwa zito kama maiti, wakaliweka kwenye kiti. Kisha wanawake hao wawili wazima wakapiga magoti mchana kweupe na kuanza kutambaa, mmoja kwa masikio, mmoja kwa viganja.

Lilicheka. Lilicheka kwa kifua cha Ngurumo na koo la Bosi kwa pamoja, na kicheko kilipita sakafuni chini ya mikono yao, kikazunguka mezani, kikapita nyuma ya maiki, kikafifia katikati ya chumba na kunenepa tena walipokaribia kochi, na ile harufu ya chuma ikawa nzito kiasi kwamba Fundi alihisi ladha yake kwenye ulimi kama amelamba betri, na bado walisonga mbele, kiganja baada ya kiganja, goti baada ya goti, mpaka Mama Magodoro akafika pembe ya nyuma ya kochi na kuweka mkono wake bapa kwenye saruji.

"Hapa," alisema. "Anapumua."

Bosi aliruka kutoka kwenye kochi na kukimbilia ukutani.

Mama Magodoro hakusoma chochote wala kuwasha chochote. Alichukua mto wa kwanza akausokomeza kwenye pembe, akauegemea kwa bega na uzito wake wote, kama anayekandamiza pamba ndani ya godoro. Akaweka wa pili juu yake. "Mshushe," aliagiza. "Mimi nabana, wewe mshushe."

Fundi akarudi kwenye boksi, akashika nobu kwa mikono miwili. Mia na hamsini. Boksi likalia. Mia na thelathini. Likaomba kwa sauti ya Ngurumo, likisema lina watoto, watoto wanalikimbia. Fundi akauma mdomo na kugeuza. Mia. Tisini. Hapo likabadilisha. Likaanza kuongea kwa sauti ya Bosi, sauti yake halisi, ile ya kubembeleza aliyoitumia tangu utotoni.

"Dada. Dada yangu. Zile nyimbo zote ulizotengeneza, nani ameandikwa kuwa ndiye fundi? Ulishawahi kutazama? Ni mimi. Miaka tisa, jina langu. Siku tuliyopewa kile cheti cha tuzo, niliwaambia wewe ni mpishi wa studio. Walicheka, Dada. Nikacheka nao."

Fundi aligeuka, akamtazama mdogo wake pale ukutani. Bosi aliinamisha macho.

Kilichomtoka Fundi hakikuwa neno. Ilikuwa miaka tisa ya shingo inayouma, ya chakula cha watoto kilichopoa, ya kusikiliza ngoma moja mara mia mbili huku mwingine akipigwa picha. Alipiga ukelele akafungua mdomo wote, na kwa ukelele huohuo akashusha nobu mpaka mwisho wake na kubonyeza ile swichi ndogo ya pembeni inayogeuza wimbi, ili juu kuwe chini na chini kuwe juu, na sauti ikutane na kinyume chake.

Kimya.

Kimya cha kweli, ambacho masikio yake hayakuwa yamekipata kwa wiki mbili. Mto wa juu ukaporomoka taratibu kutoka pembeni. Mama Magodoro alipapasa sakafu, akapapasa ukuta.

"Ametoka," alisema. "Hayupo tena hapa."

Boksi walilivunja kwa shoka siku hiyohiyo, wakachoma mbao na kutupa sumaku yake shimoni. Siku ya tatu mke wa Ngurumo alikuja tena, safari hii na hodi. Mumewe nyuma yake alisema shikamoo, na vikombe vikagongana. Alilia yule mwanamke, akaomba radhi kwa yale ya wachawi wa nyaya, na Fundi akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Bosi alikaa wiki nzima bila kuonekana. Alipokuja, Mama Magodoro alikuwa ndani, ameketi karibu na dirisha akiwapa kisogo, akishona mto uliopasuka. Fundi alikuwa mezani. Sauti ya Bosi ilikuwa imerudi.

"Dada, nimekuja tuyamalize."

"Ni kweli ulisema mimi ni mpishi?"

"Ilikuwa utani tu, watu walikuwa—"

"Ni kweli au si kweli?"

"Kweli. Lakini Dada, sisi ni damu moja, hasira hizi zinakusaidia nini? Nami ndiye niliyekuwa nawaleta wateja, au umesahau?"

Fundi alisimama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga wiki nzima. Aliyasukuma yote pembeni, akachagua moja.

"Toka."

Halikutoka kooni. Lilitoka chini ya mbavu, chini kuliko sauti ya mwanamke inapofika, chini kuliko ya Ngurumo. Vioo vya dirisha vilitetemeka kwenye fremu zake. Miwani ya Bosi ilishuka puani, naye akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akitafuta mlango kwa mkono.

Dirishani, Mama Magodoro aliacha kushona. Aligeuka polepole, sindano mkononi, akamtazama Fundi usoni kama anayemtazama mtu asiyemjua.

Fundi akafunga mdomo. Akauziba kwa viganja viwili.

Sauti haikukoma.