Mkwaruzo wa Kijani

Rangi ilitoka, lakini kitambaa kikabaki cheupe. Fundi alikigeuza, akakikunjua, akakiinua juani. Hakikuwa na doa. Kwa miaka kumi na saba ya kung'arisha magari uani kwake alikuwa akiwahubiria wateja jambo moja, hata wasiotaka kusikia: rangi ya gari jingine haipotei, inahama tu, kutoka kwenye bati kwenda kwenye kitambaa. Sasa mkwaruzo wa kijani, mrefu kama mkono, ulikuwa umeondoka kwenye mlango wa dereva wa gari jeupe la shemeji yake, na hakuona ulikokwenda.

Hakupenda. Halafu kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno. Aliuosha mlango, akaukausha, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo kuona kama bati limechimbika au rangi ngeni imelala juu tu. Ukucha haukukwama. Akatia thina, dawa ya kuyeyushia rangi, kidogo kwenye kitambaa, akajaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana, kisha akafuta. Alifuta kwa mkono mtupu, kama kawaida yake. Glavu aliziita soksi za waoga, na alijigamba kwamba vidole vyake vinaona uchafu ambao macho hayauoni. Mara mbili tu, mlango ukawa safi.

Akaanza kumfikiria shemeji yake. Mdogo huyu wa mkewe kwa kawaida alikuwa na domo, angeweza kukusimulia safari ya dukani mpaka ukasinzia. Siku hiyo alikuwa kimya. Alifika saa sita mchana na kushukia mlango wa abiria, akijiburuta juu ya gia, ilhali mlango wa dereva ulifunguka vizuri. Alipoulizwa amegonga nini, alisema ukuta. Lakini fundi aliijua rangi ya ukuta, na hii haikuwa yake. Hii ilikuwa rangi nzito ya magari ya zamani, yale yaliyopakwa kwa brashi.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane na hasira za karibu. Alimjibu mumewe kwamba yeye hajawahi kumpenda huyo ndugu yake tangu siku ya harusi, na kwamba mtu akikosa la kusema huanza kuchunguza rangi.

Kesho yake adhuhuri harufu ya rangi mbichi ilijaa sebuleni. Fundi hakuwa amepuliza rangi tangu mwezi uliopita, hivyo alitoka uani kutafuta kopo lililovuja. Huku ndani mkewe aliona mstari wa kijani kwenye fremu ya mlango, usawa wa nyonga. Alidhani ni mumewe na mikono yake michafu. Akalowesha tambara, akaufuta huku akinung'unika, ukatoka mara moja.

Siku ya tatu, mkewe akioga, aliuona mstari ule ubavuni mwake.

Alijisugua kwa sabuni hadi ngozi ikauma, na mstari haukupungua. Kila adhuhuri uliongezeka upana wa kidole, ukilizunguka tumbo polepole, na harufu ile ya rangi mbichi ilimfuata jikoni na kitandani, mpaka akaanza kula dirishani ili apate hewa, na hata pale dirishani alihisi kitu kizito kimeegemea upande wake, kikimsukuma kidogo kidogo kama gari linalotaka kupita mahali pasipo na nafasi. Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, na kila mmoja alishuku kwamba mwenzake anajua jambo na amelificha.

"Mtoto hachezi," mkewe alinong'ona siku ya tano. "Weka sikio hapa."

Fundi aliweka sikio tumboni. Alitegemea kusikia moyo mdogo ukidunda, lakini alichosikia, mbali na chini sana, ni injini ya dizeli iliyowashwa na kuachwa, ikinguruma bila haraka, kama vile dereva wake ameketi humo ndani akisubiri apewe njia.

Walimleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani na begi la mkononi, ungedhani karani wa ofisini. Alisikiliza yote, akaomba aonyeshwe mstari, kisha akasogeza kiti chake nyuma.

"Jini huyu hana kisasi na mtu. Anasafiri," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono unaomfuta ndio unaombeba. Wewe ulimtoa garini ukamleta nyumbani, ukamwacha kwenye fremu uliyoishika. Mkeo akamfuta mlangoni, akamvaa."

"Nikimfuta hapa ubavuni?" fundi aliuliza.

"Utamvaa wewe. Asipofutwa, mtoto atazaliwa naye."

Fundi akachukua kitambaa. Mkewe alimshika kifundo cha mkono, akasema aitwe kwanza ndugu yake.

Shemeji alipofika na kuliona tumbo la dada yake, alikaa chini sakafuni. Alikiri. Hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na lori bovu la kijani, halina magurudumu, limepandishwa juu ya mawe kando ya njia nyembamba, na alipojipenyeza kando yake lori lile lilimsogelea. Mlinzi wa pale alimwambia asiifute rangi hiyo kwa mkono wake, ampe mtu asiyejua.

"Kwa hiyo ulijua," dada yake alisema.

"Sikujua itafika kwako, dada. Nilidhani itaishia kwa shemeji."

Baadaye kijana aliinuka mwenyewe, akachukua kitambaa mkononi mwa fundi, akaufuta ubavu wa dada yake huku machozi yakimtiririka. Mstari ulitoka wote. Mtoto alipiga teke kubwa hata mganga akaliona, na fundi alilia kwa furaha bila kuona haya. Shemeji aliondoka kwa miguu, ameshika ubavu.

Siku ya tatu baada ya hapo alirudi, adhuhuri.

"Dada," alisema nje ya mlango, na chini ya sauti yake kulikuwa na mngurumo. "Nifute. Mara moja tu."

Fundi aligusa komeo. Mkewe alitikisa kichwa. Walisimama hapo bila kupumua, wakimsikia akibisha, akibembeleza, akiwataja majina yao ya utani ya zamani, mpaka akachoka. Kisha nyayo zake zikaelekea nyumba ya pili, kwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake, mzee asiyejua kumnyima mtu kitu.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, una kitambaa?"

Fundi alifungua kinywa ili apige kelele. Mkewe alimchukua mkono, akauweka tumboni, pale mtoto alipokuwa akicheza.

"Marahaba. Ingia ndani, mwanangu, jua kali," walimsikia mzee akisema, na fundi akafunga kinywa chake.