Mkono Ukishuka, Pumua

Asubuhi ile korido ya idara ya eksirei ilikuwa imefurika. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi, waliokosa nafasi wakaegemea ukuta, na katikati yao fundi wa mitambo alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama darini. Ghafla bisibisi ikamponyoka. Alipiga ukelele, watu wakaruka pembeni, isipokuwa binti mmoja wa koti jeupe na kitambaa cha manjano kichwani, aliyeendelea kusoma karatasi yake kama yuko sebuleni kwao. Bisibisi ilitua sentimita chache kutoka kiatuni mwake.

Fundi aliteremka mbio. "Dada, vipi wewe? Nimepiga kelele mpaka koo limekauka!"

"Hata ungepiga mpaka kesho nisingesikia," alijibu binti, macho yakiwa kwenye midomo ya fundi. "Mimi ni kiziwi. Ukiwa na neno, niambie usoni. Na taratibu."

Fundi alimeza mate. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa na mifuko sita, yote imejaa vyuma. "Basi samahani. Halafu... una macho mazuri."

"Hilo ungelisema hukohuko juu ya ngazi."

Ndivyo walivyoanza. Binti alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea kupiga picha za eksirei. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia usikivu akiwa na miaka tisa, ikamwachia sauti yake na ubishi wake. Alikuja hospitalini kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, na bila miezi hiyo hakuna shahada. Jioni fundi alimpigia simu za video, akijifunza lugha ya alama kwa vidole vyake vinene.

"Mwalimu, hii si 'nakupenda'?"

"Hiyo ni 'ng'ombe', mpenzi."

"Basi nakung'ombe sana!"

Binti alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Mkuu wa idara hakumtaka binti huyu. Hakusema hivyo; alitabasamu tu, akampangia Chumba Tatu, ambacho wenzake wote walikikwepa. Haikuchukua muda binti akaona mambo. Wauguzi walipita mlangoni mwa chumba kile wakikaza mwendo. Wagonjwa, wakiwa wametulia kabisa, waligeuka kwa ghafla kutazama spika ya ukutani, vinyweleo vimewasimama. Yeye hakusikia kitu. Mwishowe alimbana fundi.

"Kuna sauti mle," fundi alisema, akikwepa macho yake.

"Nitazame unaposema. Sauti ya nani?"

"Ya mama mmoja aliyefanya kazi humo miaka thelathini. Siku moja alimwambia mgonjwa, 'Vuta pumzi, shikilia,' akaanguka palepale, akafa. Hakumaliza kauli yake. Mpaka leo anasema, 'Vuta pumzi, shikilia.' Pumua hasemi."

"Si ukate nyaya za spika?"

"Nilizikata mwaka jana."

Binti alitaka kucheka. Lakini alipobandika kiganja kwenye dirisha la kioo, lile la kumkinga na mionzi, alihisi mtetemo mdogo, kama wa mtu anayenong'ona upande wa pili. Chumba kilikuwa kitupu. Aliondoa mkono haraka, na siku nzima vidole vilikuwa vya baridi.

Wiki mbili baadaye alikabidhiwa barua. Mafunzo yake yamesitishwa, kwa usalama wa wagonjwa. Nyuma yake palibanwa ripoti: "Asiyesikia hafai kuachwa peke yake Chumba Tatu." Chini yake, saini ya fundi.

Aliyasoma maneno yale mara tatu. Kisha akampigia fundi simu ya video.

"Niliogopa kwa ajili yako, mpenzi," fundi alijitetea. "Nilidhani watakuhamisha chumba tu!"

"Uliongea na kila mtu isipokuwa mimi."

"Mwalimu, nisikilize..."

"Mimi sisikii. Si ndivyo ulivyoandika?"

Akakata simu. Alilia mpaka kwikwi zikamwisha, akanawa uso, akaandika rufaa. Aliomba vitu viwili tu: mtihani uleule wanaofanya wenzake, na kioo kidogo cha kujitazamia kibandikwe ukutani. Mgonjwa anayepigwa picha ya kifua humpa mgongo mpiga picha. Kupitia kioo hicho ataona mkono wa mpiga picha. Mkono ukipanda, ashikilie pumzi. Ukishuka, apumue.

Siku ya kamati ya rufaa, fundi aliinuka bila kuitwa, ovaroli imepigwa pasi.

"Ile ripoti naifuta," alisema, akimgeukia binti ili amwone midomo. "Kibovu ni chumba, si yeye. Mwoga nilikuwa mimi, nikausingizia uziwi wake."

Mkuu wa idara alikunja midomo. "Sawa. Basi mtihani ufanyike Chumba Tatu."

Binti alipoingia alikikuta kioo kimeshafungwa, kimenyooka, kwa skrubu nne. Aliujua mkono uliozikaza. Alijizuia asitabasamu.

Mgonjwa alikuwa mama mnene mwenye kikohozi. "Shikamoo mama. Nitazame kiooni. Mkono ukishuka, pumua."

"Marahaba mwanangu. Mbona humu kuna baridi hivi?"

Binti alirudi nyuma ya dirisha, mkuu na wanakamati wawili wakiwa wamesimama nyuma yake. Hakuwa ameinua mkono bado alipoona mgongo wa yule mama umepanda na kuganda. Kiooni, macho ya mama yalikuwa yamefumbwa kwa hofu. Sekunde zikapita. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Binti aligeuka: wale watatu wote walikuwa wameikodolea macho spika, wameduwaa, hakuna aliyemtazama mgonjwa.

Wote walisikia. Aliyeona ni yeye peke yake.

Alitoka mbio, akamshika mama mabega. Macho yakafumbuka. Akashusha mkono mbele yake. "Pumua, mama!"

Mama alipumua kwa kishindo, akakohoa, akamng'ang'ania. "Yule mwingine aliniambia nishikilie. Hakuniachia!"

"Mimi nimekuachia. Tuanze upya, taratibu."

Picha ilitoka safi. Mkuu wa idara alitia saini fomu ya kumrudisha mafunzoni.

Siku ya mwisho ya mafunzo, mchana, binti alikuwa anazima mashine, amevaa gauni la kijani chini ya koti. Fundi aliingia, akasimama pale wanaposimama wagonjwa, akamtazama kiooni.

"Mpiga picha, nina tatizo kifuani. Sijapona tangu unikasirikie."

"Bado nina hasira."

"Najua. Kwa hiyo leo nakuuliza wewe, simuulizi mtu mwingine. Utakubali nikuoe?"

Binti aliinua kiganja. Fundi akashikilia pumzi. Alimwacha hivyo, mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, kwa sababu ripoti ile ilimuuma na alitaka na yeye aonje. Kisha, polepole, akashusha mkono.

Fundi alipumua, akaangua kicheko. Kicheko kikakatika. Akaitazama spika.

"Umesema kitu?"

"Nimeshusha mkono tu."

"Basi ni yeye," fundi alisema. "Amesema, 'Pumua.'"

Binti alibandika kiganja kwenye dirisha. Kioo kilikuwa kimetulia kabisa. Kwa mara ya kwanza, hata mkono wake haukuhisi kitu.

"Nimekubali," alimwambia. "Sasa mshukuru mama, tuondoke."