Mapera ya Boma la Nyangwine

Chupa zote kumi na mbili za jamu zilikuwa zimefungwa barabara, lakini nyumba ya nesi Honoratha ilinuka mapera mabovu. Alizikagua moja moja, akanusa vifuniko, akafagia hadi uvunguni. Hakuona kitu.

Honoratha alihamishiwa Kenyamonta kutoka Muleba, na ni mtu asiyevumilia kuona chakula kikiharibika. Nyuma ya zahanati kulikuwa na mahame ya boma la mzee Nyangwine, aliyekufa peke yake wakati wanawe wako Nyamongo wakisaka dhahabu. Mipera yake ilimwaga matunda chini na hakuna aliyeyaokota. Wapita njia walichuma moja, wakalila palepale, wakaenda zao. Honoratha aliwaona wavivu. Alijaza ndoo tatu, akachemsha, akachuja mbegu zote, akatia sukari na ndimu, kisha akajisifu kwamba jamu ile ingekaa mwaka mzima.

Siku ya tatu mwanawe Gift, wa miaka sita, aliacha kula. Siku ya tano, mchana kweupe, Honoratha akiwa jikoni alisikia mtu anatafuna chumbani kwa mtoto, polepole kama kibogoyo, akitema mbegu. Alikimbilia huko. Gift alikuwa amelala peke yake, mashavu yameingia ndani, na kuzunguka kitanda sakafu ilikuwa imejaa mbegu za mapera zilizolowa mate. Nesi alimpima malaria, akapima wingi wa damu, hakupata ugonjwa. Akamwita jirani yake, bibi Mokami, ambaye watu humfuata wakisumbuliwa na wafu wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mokami alisimama mlangoni, hakuingia. Alinong'ona. "Nesi, hayo mapera umetoa kwa Nyangwine?"

"Yalikuwa yanaoza tu, bibi."

"Ndiyo, yaoze. Mtu anakula lake palepale. Yanayobaki yakioza, hicho ndicho chakula cha mwenye boma. Sasa wewe umeyapika yasioze. Unafikiri huyo atakula nini?"

Honoratha alimtazama mtoto.

"Rudisha yote," Mokami alisema. "Mwaga kwenye mizizi, usibakize hata kijiko. Yakianza kuoza, atamwachia mtoto wako."

Honoratha alikwenda saa ile ile, jua bado kali, akamwaga chupa baada ya chupa huku nyuma yake kitu kikitembea kila alipotembea na kusimama kila aliposimama, kikihema kwa njaa karibu na shingo yake, naye hakuthubutu kugeuka, akaomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kihaya na kwa yale maneno machache ya Kikurya aliyojifunza kwa wagonjwa, mpaka chupa ya mwisho ikabaki tupu mkononi.

Asubuhi alirudi kutazama. Jamu ilikuwa ileile, inang'aa kwenye mizizi. Haikuchacha. Hapakuwa na sisimizi, hapakuwa na nzi hata mmoja. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

Alikimbia nyumbani. Nzi walikuwa kitandani. Walimtambalia Gift midomoni na kwenye vidole, na mtoto, macho wazi, akipumua, hakuwafukuza. Honoratha aliwapunga kwa kanga, wakatua tena. Akamshika mkono amnyanyue, na nyama ikabonyea chini ya vidole vyake, laini kama pera bovu, haikurudi.