Kamba Iliyorudi Msumarini

Jumatatu asubuhi Godefroid alifungua karakana yake ya majeneza pale Likasi, Kongo, akavua koti, akataka kulitundika. Msumarini palikuwa na kamba. Ya katani, fundo huku na fundo huku, ndefu mpaka inagusa takataka za randa. Akabaki amesimama na koti mkononi. Kamba ile alikuwa ameichoma Jumamosi, yeye mwenyewe, kwenye jiko la gundi.

Niwaeleze kidogo. Kwa Godefroid wafiwa hawaji na vipimo vya karatasi. Wanampima marehemu kwa kamba, utosi hadi kisigino, wanafunga mafundo, wanampelekea fundi. Kamba ya Augustin, mchimbaji wa migodi ya Kambove, mtu mrefu wa kuinama kila mlango, ililetwa Ijumaa. Lakini msumari ulikuwa bado na kamba ya bibi mmoja mfupi aliyezikwa juzi yake, na Godefroid, kwa haraka zake, akachukua hiyo. Kosa, basi. Nani hakosei? Angesema tu, angepewa saa chache arekebishe. Hakusema. Jumamosi, pale morgi, chumba cha maiti, alipoona sanduku ni fupi, aliwaomba jamaa wasubiri nje, akayakunja magoti ya marehemu, akakandamiza kifuniko kwa uzito wake wote. Ko. Ko. Akapigilia misumari. Mjane, Mama Émérence, alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Jioni Godefroid akaitia kamba ya Augustin motoni, pasibaki ushahidi.

Jumatatu hiyo aliichoma tena kamba. Jumanne ikawa palepale, na sasa ilikuwa na fundo la tatu.

Mchana alipokwenda kula, binti yake Noëlla, miaka tisa, alikuwa mezani amekunja miguu juu ya kiti, bukari yake, yaani ugali, haijaguswa.

“Papa, magoti inakatala kunyooka.”

Godefroid akaacha chakula. Akarudi mbio karakanani, akaleta kamba, akamsimamisha mtoto ukutani jinsi alivyoweza, akachora alama ya utosi wake. Fundo jipya lilikuwa vidole vitatu juu ya alama.

“Kamba ya maiti unamupimia mutoto?” mkewe Claire alinong’ona. “Godefroid, uko na nini?”

Godefroid akaikunja kamba, akairudisha msumarini. Jumatano fundo lilikuwa limeshuka kidole kimoja. Alhamisi kingine. Muuguzi wa zahanati aliyabonyeza magoti ya Noëlla, hakuona kitu. Na mle karakanani, saa sita kamili, jua likiwaka nje na majirani wakipita wakiongea mambo yao, harufu ya dawa ya morgi ilipanda toka chini ya meza, ikaingia kwenye mbao, kwenye gundi, kwenye mate ya Godefroid, na kutoka ndani ya jeneza lililokuwa tupu, alilolifunika kwa mikono yake asubuhi ileile, kitu kikagonga taratibu, ko, kikanyamaza, kikagonga tena, ko, kama mtu anayejaribu kunyoosha miguu asipate pa kuipeleka.

Ijumaa alikwenda kwa mjane. Aliogopa, jamani, lakini hata hofu yake ilikuwa na ujanja: akawasingizia wauza mbao.

“Mama, sanduku ya Augustin ilitoka kafupi kidogo. Bale bantu ba mbao balinidanganya.”

“Tumuachie Mungu, Papa Godefroid,” alisema Mama Émérence, akamkaribisha chai.

Akainywa yote, akarudi amepumua. Noëlla alikuwa kitandani, magoti yamegusa kidevu. Fundo lilikuwa sawasawa na alama ya utosi wake ukutani.

Jumamosi alimbeba binti yake mgongoni hadi matangani, akapiga magoti mbele ya watu wote.

“Ni miye, Mama. Mbao haikuwa na makosa. Nilibeba kamba ya muntu mwingine, na wakati nilijua, nikanyamaza. Nilimukunja magoti. Nilisikia inavunjika.”

Mama Émérence aliyatazama magoti ya Noëlla.

“Kila siku Augustin anakuya mu ndoto yangu, anatembea na magoti,” alisema polepole. “Miye nikasema anatubu. Juma nzima nimemuombea musamaha, juu ya zambi yenye hakufanya.” Akajifuta uso kwa kanga. “Beba kamba. Fanya sanduku ingine, leo leo.”

Alitengeneza. Kaka za marehemu wakafukua kabla jua halijashuka. Ubao wa miguuni walikuta umesukumwa nje, misumari imepinda kuelekea kwenye udongo. Godefroid alimlaza Augustin kwa urefu wake, watu wakishuhudia, akaiweka kamba kifuani pake.

Pale makaburini Noëlla akashuka mgongoni kwa mama yake. Miguu ikanyooka. Claire alilia njia nzima, Godefroid naye, bila aibu, na mtoto akatembea mbele yao mpaka nyumbani.

Mlango wa nyumba yao una urefu wa mita mbili. Noëlla alifika kizingitini, akainamisha kichwa kwanza, kama mtu aliyezoea kuinama kila mlango, ndipo akaingia.